Kebo ya netiweki uliyokrimpu mwenyewe inasumbua? Maswali ninayoulizwa kila siku hapa Tanga

Mi nakrimpu kebo za netiweki, yaani nabana vichwa kwenye ncha za waya, sana sana Ngamiani lakini naenda mpaka Raskazone, Sahare na mara moja moja Muheza. Maswali yanayoingia kwenye simu yangu ni yaleyale, kwaiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu ili mtu asome kwanza kabla hajakata kichwa cha tatu na cha nne. Yote yanahusu kebo ya kujitengenezea, yaani umenunua waya wa boksi au wa kupimiwa kwa mita, ukanunua vichwa vya RJ45, ukakrimpu mwenyewe au ukakrimpiwa na kijana wa mtaani.

Kaka, nimemaliza kukrimpu, nimechomeka, taa haiwaki kabisa. Nianzie wapi?

Anza na kebo nyingine. Chukua kebo unayoijua nzima, hata ile fupi iliyokuja na ruta, chomeka kwenye tundu lilelile na mashine ileile. Taa ikiwaka basi tatizo ni kebo yako, isipowaka tatizo ni tundu au mashine na hapo usikate kitu. Ni kazi ya dakika moja ila watu wengi wanairuka, nimeshakuta mtu kamaliza vichwa sita kumbe tundu la swichi, kile kiboksi cha kugawia kebo za netiweki, lilikufa siku radi ilipopiga.

Ukishajua ni kebo, tumia macho kabla ya testa, kile kifaa cha taa cha kupimia kebo. Kishike kichwa kwenye mwanga ukitazame kwa mbele, unatakiwa uone ncha nane za shaba zinang'aa zimegusa ukuta wa mbele wa plastiki. Ukiona saba, umepata jibu, kuna waya mmoja ulikuwa mfupi ukabaki nyuma. Kisha kitazame kwa ubavu, yale meno ya dhahabu yawe yameshuka yote sawa. Jino moja likibaki juu kidogo halijatoboa ganda la waya wake, lirudishe kwenye krimpa ubane tena kwa nguvu, mara nyingi hilo linapona bila kukata.

Rangi zinapangwaje, A au B?

Shika kichwa kilimi, kile unachokibonyeza ukichomoa, kikiwa chini, meno ya dhahabu yakitazama juu, waya unaingilia upande wako. Namba moja iko kushoto. Mpango wa B ni orenji nyeupe, orenji, kijani nyeupe, bluu, bluu nyeupe, kijani, brauni nyeupe, brauni. Mpango wa A ni huohuo ila kijani na orenji zimebadilishana nafasi. Hakuna ulio bora kuliko mwenzake. Mi napiga B na mafundi wengi niliofanya nao kazi hapa mjini wanapiga B, kwaiyo nawe piga B ili anayekuja kurekebisha baada yako asihangaike. La muhimu ncha zote mbili zifanane.

Kuna waliofundishwa zamani kwamba kompyuta kwa kompyuta lazima upige A huku na B kule. Ilikuwa kweli enzi hizo, mashine za sasa zinajigeuza zenyewe, wala usijisumbue.

Testa inawaka taa zote nane, moja mpaka nane kwa mpangilio, lakini netiweki haishiki au inashika na kuachia. Testa ni mbovu?

Testa si mbovu, ila haipimi kile unachodhani inapima. Hili swali nalijibu kwa urefu kwa sababu ndo linalokula siku nzima za watu.

Ile testa ndogo ya betri inauliza kitu kimoja tu, je umeme ukiingia namba 3 huku unatokea namba 3 kule? Basi. Haijui waya wa namba 3 umesokotwa na nani njiani. Na netiweki inaishi kwenye ule msokoto. Ukichana ganda la nje utaona nyaya nane zimesokotwa mbilimbili, pea nne, na kila pea msokoto wake una urefu tofauti na wa mwenzake. Sisi watu wa mkonge tumezoea kwamba kamba inasokotwa ili isikatike, hapa sababu ni nyingine. Kila pea inabeba data kwa nyaya mbili, mmoja unabeba mawimbi na mwenzake unabeba mawimbi hayohayo kinyume chake. Kelele ya umeme ikitoka nje inazipiga zote mbili sawasawa kwa sababu zinapokezana kuwa karibu nayo, alafu mashine ya upande wa pili inatoa moja kwa nyingine, kelele inajifuta, data inabaki. Ujanja huu ni wa siku nyingi, Alexander Graham Bell aliupatia hataza mwaka 1881 kwa ajili ya waya za simu.

Sasa kosa lenyewe. Mtu anapanga rangi kwa kufuata akili yake, orenji nyeupe na orenji, kijani nyeupe na kijani, bluu nyeupe na bluu, brauni nyeupe na brauni, anafanya hivyohivyo ncha zote mbili. Inapendeza machoni, na testa inawaka moja mpaka nane bila kosa. Lakini mashine inachukua pea kwenye namba 1 na 2, na pea nyingine kwenye namba 3 na 6, siyo 3 na 4. Kwenye huo mpango wa kupendeza namba 3 ni wa pea ya kijani na namba 6 ni wa pea ya bluu, yaani nyaya mbili zinazotakiwa kuwa mtu na pacha wake kila mmoja kasokotwa na wa pembeni. Kelele haijifuti tena, na mbaya zaidi pea zinamwagiana data. Kebo ya mita moja inaweza kukubali ukasema mbona inafanya kazi, ya mita 30 inakataa au inashika na kuachia, kurasa zinafunguka nusu, simu ya video inakatika.

Nilikuta duka moja la kuchapisha huko Makorora printa yao ikipotea kwenye netiweki kila wakituma faili kubwa, faili dogo linapita. Walishabadilisha printa, walishabadilisha swichi. Nikatazama kichwa, rangi zimekaa mbilimbili kama nilivyosema. Nikakata ncha zote mbili, nikapiga B, ikatulia.

Mbona namba 3 na 6 zikaachana hivyo? Ni urithi wa simu za mezani, namba 4 na 5 za katikati zilishakuwa laini ya simu kwaiyo pea inayofuata ikaizunguka kwa nje.

Basi testa ikisema sawa na netiweki ikisema hapana, kaa upande wa netiweki ukague rangi kwa macho.

Taa za testa zinasemaje hasa?

Taa moja haiwaki kule, waya huo umekatika au jino halijabana. Taa zinawaka zote ila kwa kurukaruka, kwa mfano huku 3 kule 6, umebadilisha rangi ncha moja. Taa mbili zinawaka pamoja, kuna nyaya mbili zinagusana, na ukitumia vile vichwa vya kutobolea mbele, ambavyo nyaya zinatokeza mdomoni alafu zinakatwa, angalia mabaki ya shaba pale mdomoni, kisu cha krimpa kikiwa butu yanabaki yanagusana.

Ukishaona kosa usijiulize ni ncha ipi kwa saa nzima. Kata ile unayoiamini kidogo kuliko nyingine.

Spidi inasoma 100 wakati ruta na laptopu zote ni za gigabiti. Shida ya mtandao ya kampuni?

Hapana, hiyo haina uhusiano na kampuni kabisa, ni makubaliano ya mashine zako mbili kupitia hiyo kebo. Megabiti 100 zinatumia pea mbili tu, namba 1, 2, 3 na 6. Gigabiti, yaani megabiti 1000, inataka pea zote nne. Kwaiyo kebo ikipoteza waya mmoja wa bluu au wa brauni, mashine hazilalamiki, zinashuka kimyakimya mpaka 100 na maisha yanaendelea. Ukiona 100 mahali panapotakiwa 1000, tafuta waya wa namba 4, 5, 7 au 8.

Kuangalia kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, bonyeza mara mbili ile ya waya, spidi imeandikwa hapo. Kwenye Linux andika ethtool ikifuatiwa na jina la kadi yako. Lakini hakikisha kweli pande zote mbili ni gigabiti, ruta nyingi za bei nafuu matundu yake yanaishia 100 na hakuna kebo itakayoibadilisha. Na kama kifurushi chako cha intaneti ni megabiti 20, hiyo 100 hutaisikia popote kwenye intaneti, utaisikia tu ukihamisha mafaili ndani ya nyumba. Mi bado ningerekebisha, maana waya uliokatika mmoja mara nyingi ni dalili ya krimpu mbaya na wa pili unafuata.

Inafanya kazi ukiishika kwa mkono, ukiiachia inakata. Kwanini?

Ganda la nje halijaingia ndani ya kichwa. Ndani ya kile kichwa kuna kibanio cha plastiki ambacho kikikrimpiwa kinatakiwa kiume ganda la nje, ili ukivuta kebo mzigo ubebwe na ganda. Ukiacha nyaya ndogo zinaonekana nje ya kichwa, kila ukisogeza meza unavuta shaba nyembamba moja kwa moja.

Wengi wanafanya hivyo kwa sababu wamefumua nyaya ndefu ili zipangike kirahisi. Fumua ndefu, sawa, nyoosha, panga, zibane kwa vidole, ALAFU kata zibaki fupi ndo uingize. Kipande kilichofumuliwa kisizidi milimita 13, hakifiki upana wa kidole gumba. Kila milimita unayoizidisha ni sehemu ambayo haina ulinzi wa msokoto.

Sababu nyingine ni kichwa kisichoendana na waya. Kuna waya wa shaba moja nzima, ule mgumu wa kupita ukutani, na kuna waya wa nyuzi nyingi laini, na meno ya vichwa vyake si sawa. Na kebo zina madaraja, Cat5e na Cat6 juu yake, Cat6 nyaya zake ni nene kidogo, zikilazimishwa kwenye kichwa cha Cat5e zinajikunja humo ndani. Unaponunua sema waya ulionao.

Waya wa boksi niliouziwa ni mzuri? Mbona unakatika ukiukunja mara mbili?

Huo una uwezekano mkubwa ni alumini iliyopakwa shaba juu, boksi linaweza kuandikwa CCA kwa herufi ndogo au lisiandikwe chochote. Mi mwenyewe niliuziwa boksi la hivyo nikafunga nyumba ya wageni yenye vyumba 11 na nikarudi kutoa waya wote kwa gharama yangu, kwaiyo hili silisemi kwa kusimuliwa.

Kwangua waya mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani, ikitokea rangi ya fedha chini ya wekundu, hiyo ni alumini. Ukienda dukani nyanyua boksi la shaba na boksi la huo mwingine, tofauti mkono unaisikia, alumini haifiki hata theluthi moja ya uzito wa shaba. Na kama una mita ya umeme, kwenye boksi zima la mita 305 la Cat5e unganisha nyaya mbili za pea moja upande mmoja, pima upande wa pili. Shaba halisi inakupa ohm 50 na kitu, ikisoma 75 au 80, rudisha boksi.

Alumini inapitisha umeme kwa shida kuliko shaba, inakatika ikikunjwa, na kwenye jino la kichwa inalegea baada ya muda, yaani siku ya kwanza kila kitu sawa na miezi kadhaa mbele matatizo yanaanza moja moja. Viwango vya Cat5e na Cat6 vinataka shaba. Kwa kebo ya mita mbili mezani sitagombana na mtu, lakini kupitisha ukutani au juu ya dari, nakuomba usiuweke.

Fundi, kamera yangu inazima usiku tu. Mchana haina tatizo. Ni kebo?

Kama kamera inapata umeme kupitia hiyohiyo kebo ya netiweki, ule umeme wanaouita PoE, basi ndiyo, ianze kushukiwa kebo. Giza likiingia kamera inawasha taa zake za kuonea usiku na inavuta umeme zaidi. Kebo ya alumini au kichwa kilichobana vibaya kinakula volti njiani, mchana zinatosha, usiku hazitoshi, kamera inazima, inawaka, inazima tena. Antena za intaneti za juu ya bati zinazotumia volti 24 nazo zinafanya hivyo hivyo, na nyingi zinapitisha umeme kwenye namba 4, 5, 7 na 8, zilezile ambazo mtu akiona intaneti inafanya kazi anadhani hazina kazi.

Kiangazi iko sawa, masika ikianza inakufa. Nyumba iko karibu na bahari.

Dada mmoja wa Sahare aliniuliza hivi miaka miwili mfululizo, na wote wa ukanda ule wanaujua huo ugonjwa hata kama hawajaupa jina. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi ikipata unyevu inakula meno ya kichwa. Chomoa ukitazame, ukiona ukijani au weusi kwenye meno usisugue na kurudisha, kata, weka kipya, na kwa sehemu hizi nunua vichwa vyenye dhahabu ya kutosha, vile vya rahisi sana dhahabu yake ni jina tu.

Lakini kubwa zaidi ni maji. Kebo ya ndani ya nyumba, ile ya kijivu au bluu, haikuumbwa kwa jua. Ikikaa kwenye bati mwaka mmoja au miwili ganda linakakamaa, linapasuka nyufa ndogo usizoziona, mvua za Machi mpaka Mei zinaingia humo, na maji yakishaingia ndani ya ganda yanatembea kufuata nyaya kama utambi wa taa mpaka yanatokea kwenye ruta sebuleni. Nimeshachomoa kebo ikadondosha maji. Ikifika hapo kebo yote itolewe, kukata kichwa hakusaidii.

Nje tumia kebo ya nje, ganda jeusi. Na pale inapoingilia ukutani iache ining'inie chini kidogo ifanye tumbo kabla ya kupanda kwenye tundu, maji yadondokee hapo. Kichwa kisikae wazi nje hata chini ya uvungu wa bati.

Naweza kuipitisha bomba moja na waya wa umeme?

Usifanye. Ukiacha mambo ya kelele, ganda la waya wa umeme likichubuka volti 230 zinaingia kwenye kitu ambacho mtoto anakishika kwa mkono. Bomba lake lenyewe, umbali kama shubiri moja kutoka kwenye umeme zikienda sambamba, na zikikutana zikatize kama msalaba.

Panya kakata katikati. Naweza kuunga kwa kusokota na tepu kama waya wa spika?

Itashika labda, alafu itakusumbua. Ukisokota kienyeji umefumua pea urefu wa kidole kizima. Piga vichwa viwili pale palipokatika utumie kiungio cha RJ45, kiwe sehemu kavu unayoweza kuifikia. Kama mita zilizobaki si nyingi vuta mpya.

Mwisho ni mita ngapi? Nataka kutoa barabara ya 8 kwenda kwa bamkubwa barabara ya 10.

Mita 100 na humo ndani umehesabu kila kitu, waya wa ukutani na zile fupi za mezani. Ikizidi, weka swichi katikati. Lakini swali lako si la mita tu, ni nyumba mbili, kila moja na umeme wake, na kebo ya shaba inapita hewani juu ya mtaa. Radi si lazima ipige kebo yenyewe, ikipiga jirani tu inatosha kuua matundu ya pande zote mbili. Nyumba kwa nyumba mi nashauri antena mbili zinazotazamana au faiba, na siku ya radi uchomoe.

Kichwa nilichokosea naweza kukitumia tena?

Hapana. Meno yakishashuka yameshuka. Ndiyo maana unaacha ziada ya waya kila ncha, shubiri mbili angalau, usikate kipimo kamili.

Sina testa. Nitajuaje kebo yangu iko salama?

Baadhi ya mashine zina kipimo ndani yake. Ruta nyingi za MikroTik, zile watu wa intaneti za mtaani wanazipenda, zina amri ya cable-test inayokwambia pea ipi iko wazi na takriban umbali wa mita ngapi kutoka kwenye ruta, na hapo unajua kama kosa liko ncha ya huku, ya kule au kwa panya.

Kama hata hiyo huna, unganisha kompyuta mbili, soma kwanza spidi imekubaliana ngapi. Kisha fungua ping ndefu, ile amri ya kompyuta moja kuita nyingine na kusubiri jibu, kwenda kwa mwenzake uiache inaendelea, huku unahamisha faili kubwa, la gigabaiti kadhaa, na wakati linahama tikisa kichwa cha kila ncha taratibu juu, chini, kushoto, kulia. Usipime kwa kufungua kurasa za intaneti, intaneti ikiwa polepole hutajua nani mwenye kosa. Faili likifika bila kusimama na ping haikupotea hata moja wakati unatikisa, funga bomba.